Leva ya kushoto inagoma: uchambuzi wa kisa cha kwiki atachi ya skidi stia

Majina, sehemu na aina ya mashine nimeviondoa, na kuna vitu viwili vitatu nimevigeuza ili mtu asijitambue, ila mtiririko wa tatizo, vipimo na makosa yetu viko vilevile. Mimi nilikuwa upande wa matengenezo, kwa hiyo sehemu kubwa ya lawama humu ni yangu.

## Mashine na watu wake

Skidi stia ya matairi (mashine ndogo ya kupakia, yenye mikono ya kunyanyulia mbele), mita inasoma kama masaa 3,100, kwiki atachi yake, yaani kufuli la kushikia vifaa mbele ya mashine, ni ile ya leva mbili za mkono, siyo ya haidroliki yenye swichi ndani ya kebini. Ilikuwa na vifaa viwili vya kila siku, baketi na foki, na vinabadilishwa mara sita hadi nane kwa siku maana asubuhi inachimba na kupakia udongo mchana inahamisha paleti za matofali, halafu inarudi tena kwenye udongo. Udongo wenyewe ni mfinyanzi, ukilowa unanata kila mahali na ukikauka unakuwa kama umechomewa. Kumbuka huo udongo.

Foki zilikuja na mashine. Baketi halikuja nayo, lilitoka kwenye mashine nyingine, limetumika, na hakuna aliyelipima siku linafika kwa sababu lilishika vizuri tu. Vipimo vya hii sehemu ya kuunganishia vina kiwango chake cha kimataifa, ISO 24410, ndo maana baketi la kampuni moja linakaa kwenye mashine ya kampuni nyingine, na watu wakishajua hivyo wanaona basi kila kitu kinaingiliana na kila kitu milele. Kiwango kinaongelea chuma kipya lakini. Chuma kilichopigwa miaka kinakuwa na vipimo vyake chenyewe.

Maopereta walikuwa wawili, mmoja mzee wa kazi na mwingine kijana ambaye ndo kwanza anazoea, plus msaidizi anayefungua na kufunga leva.

## Hii kufuli inafanyaje kazi

Naeleza kidogo kwa sababu bila hapa huku mbele hutanielewa. Pleti ya mashine, lile bapa la chuma lililoko mwisho wa mikono yake, inainama, inaingiza ukingo wake wa juu ndani ya mkunjo ulioko juu mgongoni mwa baketi, halafu opereta anakunja nyuma na baketi linajilalia lenyewe kwenye pleti. Hapo bado halijafungwa, limetundikwa tu kama koti kwenye ndoano. Ukishusha leva, kila leva inasukuma kabari kwenda chini, kabari inapita kwenye tundu lililoko kwenye mdomo wa chini wa mgongo wa baketi na inakaza kwenye ukingo wa chini wa hilo tundu. Kati ya leva na kabari kuna springi. Kabari imechongwa mshazari, kwa hiyo chuma kikilika kidogo springi inaisukuma ishuke zaidi na inabana tena, yaani kufuli linajikaza lenyewe.

Hilo la kujikaza ni zuri na ni baya. Zuri maana huhitaji kurekebisha kitu. Baya kwa sababu kulika kote kunafichwa mpaka kabari ifike mwisho wa safari yake, na siku unapoanza kusikia kelele ujue akiba yote ilishaisha zamani.

Kingine ambacho mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kukikalia nikakifikiria: ukibeba mzigo, uzito wa baketi lililojaa unalisukuma liegemee pleti, kwa hiyo kabari karibu hazifanyi kazi yoyote. Unaweza ukazunguka nusu siku na leva moja haijafunga na usijue. Kabari zinaanza kubeba pale unapokandamiza ncha ya baketi chini hadi matairi ya mbele yananyanyuka, au unaporudi rivasi baketi likikwangua kusawazisha, au umemwaga mpaka mwisho huko juu na unalitikisa udongo udondoke. Hapo ndo sehemu ya chini ya baketi inataka kutoka kwenye pleti, na kinachoizuia ni vile vipande viwili vya chuma tu.

## Ilivyotokea

Ilianza na leva ya kushoto kuwa ngumu. Siyo kila mara, ila mara nyingi ni ukirudisha baketi baada ya kazi ya foki. Kijana alimwambia mwenzake, "Mzee, hii ya kushoto inagoma kushuka," na mzee akajibu vile ambavyo saiti zote wanajibu, "Weka bomba." Kulikuwa na kipande cha bomba kama urefu wa mkono, unachomeka kwenye leva, unaning'inia, inashuka. Hii iliendelea kama wiki tatu na mimi nilishaliona hilo bomba likiwa limelala pembeni ya mashine, sikuuliza la nini.

Siku ya tukio mzee alikuwa anamwaga udongo uliolowa, mikono ya mashine iko juu, baketi limeinama mpaka mwisho, udongo haudondoki. Akawa anatikisa, mbele nyuma mbele nyuma, kawaida kabisa. Kwenye mtikiso wa tatu au wa nne sauti ikabadilika, badala ya ule mgongano wa silinda kufika mwisho ikasikika chuma kwa chuma, kwaa, na msaidizi aliyesimama kwa mbali upande wa kushoto akaona mwanga umepita kati ya pleti na mgongo wa baketi. Baketi lilikuwa limefunguka chini upande wa kushoto, linaning'inia kwa mkunjo wa juu na kabari ya kulia peke yake, tena limejipinda. Msaidizi alipiga kelele, mzee akaacha kutikisa, akakunja nyuma taratibu baketi likajilalia tena kwenye pleti, akashusha mikono mpaka chini. Hakuna aliyeumia. Hakukuwa na mtu chini kwa sababu hapo saiti walikuwa wakali kwenye hilo, nawapa heshima yao.

Nilipofika leva ya kushoto ilikuwa imesimama nusu, haijalala kabisa. Tukakubaliana baketi halitumiki tena mpaka lieleweke. Foremani akauliza kama foki zinaweza kumaliza siku, nikasema tuzijaribu: tukafunga, leva zote zikalala chini bila bomba, tukaweka ncha za foki chini tukakandamiza mpaka matairi ya mbele yakanyanyuka kidogo, nikachungulia chini, kabari zote mbili zimetokeza na hakuna nafasi. Poa. Kazi ikaendelea.

Sasa hapo jibu lilikuwa mbele ya uso wangu nikalipita. Mashine ileile, leva zilezile, kabari zilezile, foki zinafunga vizuri na baketi halifungi. Mimi kichwani nilishaamua ni springi.

## Tengeneza ya kwanza, ya pili, halafu kichwa kuuma

Kwa nini springi? Kwa sababu ndo rahisi, na ya kushoto ukiifananisha na ya kulia kwa macho ilikuwa imechoka kweli. Jioni tukaosha sehemu ya mbele yote kwa maji ya presha, tukabadilisha springi ya kushoto, tukapaka grisi, tukarudisha baketi, leva ikashuka. Nikaondoka nimetulia. Siku mbili za kazi ya udongo, ikagoma tena.

Tengeneza ya pili nikaenda mbali zaidi, kabari zote mbili mpya na pini na bushi za leva. Hapa kuna kitu nilifanya kinyumenyume: nilipima kabari ya zamani BAADA ya kununua mpya, nikaziweka sambamba kwenye benchi, tofauti kwenye ule mshazari ni kama milimita 3. Ilikuwa imelika, ndiyo, lakini ya kulia nayo ilikuwa imelika karibu sawasawa na upande huo haukuwa na shida yoyote. Ningepima kwanza ningejiuliza swali.

Baada ya hiyo mashine ilikaa kama siku tisa vizuri. Wiki ya pili yule kijana akaniambia kwa furaha, "Fundi, saizi leva ya kushoto inashuka kwa kidole!" Na mimi nikafurahi, nikaona kazi imekaa. Kumbe leva inayoshuka kwa kidole inatakiwa ikutishe kuliko inayogoma. Kama kabari inakaza kwenye tundu utaisikia springi ikikandamizwa, mwisho wa safari unakuwa mzito halafu leva inajilaza. Ikishuka laini mwanzo mwisho maana yake kabari imepita tundu bila kushika chochote cha maana. Siku mbili tatu mbele baketi likaanza kupiga kelele kila mashine ikipita kwenye shimo, na hapo ndo nikakaa chini kweli.

## Tulivyolipata

Nilichofanya safari hii ni kubadilishana. Foki kwenye mashine: zinafunga, hazichezi. Baketi kwenye mashine: linacheza kushoto. Tukaazima baketi la mashine nyingine iliyokuwa jirani: linafunga, halichezi. Dakika kama arobaini, na mashine imeshatoka kwenye orodha ya washtakiwa. Wiki mbili na zaidi nilikuwa natibu nusu ya kufuli ambayo haiumwi.

Halafu tukachukua chaki, tukapaka kabari zote mbili nyeupe, tukafunga baketi, tukakandamiza ncha chini mara moja, tukafungua tukaangalia chaki imefutika wapi. Ya kulia imefutika mstari mpana kama kidole gumba. Ya kushoto imefutika kona moja tu, alama kama ncha ya kalamu. Kabari nzima inashikilia kwa kona.

Tukalilaza baketi mgongo juu, tukakwangua, tukaweka rula ndefu ya chuma kwenye mdomo wa chini. Upande wa kushoto mdomo umepinda kuelekea chini kwa milimita 6. Tundu la kushoto ukingo wake wa chini umeliwa na kupondeka, umekuwa kama yai, limezidi la kulia kwa milimita 4 hivi. Na kwenye kona ya ndani, pale mgongo unapokutana na mdomo, kulikuwa na udongo mkavu umejishindilia unene wa kidole, msaidizi aliutoa kwa patasi na nyundo, ukatoka kipande kizima chenye umbo la pembe tatu kama kimemwagwa kwenye moldi.

Ndo ikaeleweka. Yalikuwa magonjwa mawili na moja ndo mama wa lingine. Udongo ukikaa pale nyuma baketi halilali sawasawa kwenye pleti, linasimama mbele kidogo, kabari ikishuka haikuti tundu bali inatua juu ya ukingo. Leva inagoma. Mtu anaweka bomba, kabari inasukumwa kwa nguvu ipite, kila siku mara kadhaa inaponda ukingo uleule. Ukingo unalika, tundu linapanuka. Sasa udongo ukiwepo leva inagoma, na ukiosha leva inashuka kwa kidole kwa sababu tundu limeshakuwa kubwa. Mimi nilikuwa naosha kila nikitengeneza, kwa hiyo kila tengeneza yangu ilionekana imefanya kazi, mpaka udongo urudi au kabari mpya ianze kulika.

Kwa nini kushoto tu? Mzee alikiri kwamba mawe yaliyozama alikuwa anayang'oa kwa kona ya kushoto ya baketi maana ndo upande anaouona vizuri. Hiyo ndo iliyopinda mdomo, sina ushahidi mwingine ila inaendana na umbo la pindo.

## Tulichoamua na kwa nini

Kulikuwa na mawazo matatu mezani. La kwanza, kujaza tundu kwa kuchomelea palepale saiti na kusawazisha kwa grenda. Nililikataa, kwa sababu hata ukipata tundu zuri mdomo bado umepinda milimita 6 na kabari bado haitakutana nao inavyotakiwa. La pili lilitoka kwa foremani, kwamba tuweke kwiki atachi ya haidroliki tuachane na habari za leva. Sio wazo baya kwa mashine inayobadilisha vifaa mara nane kwa siku, ila kwa tatizo hili ingekuwa hatari zaidi: silinda ingesukuma kabari kwenye tundu lilelile bovu, ina nguvu kuliko bomba, na opereta angekaa kebini akiamini swichi imefunga. Leva iliyosimama nusu unaiona kwa macho.

Tukaenda na la tatu, kukata mdomo wa chini wote na kuweka kipande kipya kinene chenye matundu yaliyokatwa upya. Kama kipimo fundi alitumia fremu ya foki, maana tulishajua zinafunga vizuri, akaifunga sambamba na mgongo wa baketi kabla ya kuchomelea. Alitaka baketi lifungwe kwenye mashine ndo achomelee, nikakataa, sitaki umeme wa kuchomelea upite kwenye pini, bushi na kompyuta ya mashine wakati njia nyingine ipo. Tulibadilisha pia leva ya kushoto, bomba lilikuwa limeikunja kidogo, kwa macho huoni ila ukiilaza kwenye meza inacheza.

Baketi lilikaa nje siku nne. Foki zikaendelea na paleti, kazi ya udongo ikasimama, na kulikuwa na manung'uniko.

## Matokeo

Wiki kumi mpaka ninavyoandika hapa hamna kelele, na leva zote mbili zinashuka kwa uzito unaofanana. Chaki inafutika mstari mpana pande zote. Kabari ya kushoto niliyoweka mpya kwenye tengeneza ya pili ilikuwa tayari na kovu la siku zile, tumeigeuza kuwa spea ya dharura na kuweka nyingine, yaani upande mmoja umekula kabari mbili ndani ya mwezi.

## Kilichosaidia na kilichotuangusha

Kilichosaidia zaidi ya vyote ni kutoruhusu mtu kusimama karibu na baketi likiwa juu, hiyo haikuwa akili yangu, ilikuwa sheria ya saiti. Kingine ni kulitoa baketi kazini siku ileile bila kubishana. Chaki na kubadilishana vifaa vimetoa jibu ndani ya saa moja na havihitaji chombo chochote, na vingeweza kufanyika siku ya kwanza.

Kilichotuangusha, naanza na bomba. Sio kwamba bomba ni dhambi, ila lilikuwa ni taarifa na sisi tulilichukulia kama kifaa. Leva ikihitaji bomba maana yake kabari imekutana na kitu, na kitu hicho kinapondwa kila unaponing'inia. Tena ni hatari kwa anayeifungua, springi imekandamizwa, leva ikiachia inaruka juu kwa nguvu, uso ukiwa juu yake ndo basi tena. Simama pembeni, kichwa mbali, injini imezimwa, mikono ya mashine iko chini.

Pili, kijana aliripoti na ripoti ikaishia kwa mzee. Sikuwa na njia ya kuipata na sikuuliza. Saizi kuna daftari kwenye kebini, mstari mmoja kila jioni, hata kama ni "leva sawa".

Grisi nayo tulikosea. Nipo (vile vitundu vya kuingizia grisi) za leva na pini zilikuwa zinapigwa vizuri ila wasaidizi walikuwa wanapaka na kwenye uso wa kabari na ndani ya matundu, wanafanya kwa nia njema. Kwenye mchanga na mfinyanzi grisi ya nje inashika chembechembe inakuwa kama msasa. Sasa hivi grisi inaingia kwenye nipo peke yake, kabari zinafutwa kwa kitambaa.

Na utaratibu wa kufunga umebadilika kidogo. Kabla ya kushika kifaa msaidizi anakwangua kona ya ndani ya mdomo na mkunjo wa juu, patasi ndogo imefungwa kwa kamba kwenye mashine. Baada ya kufunga opereta anakandamiza ncha chini mpaka matairi ya mbele yalegee, msaidizi anaangalia kwa pembeni kabari zote mbili zimetokeza chini na hakuna mwanga kati ya pleti na kifaa. Inaongeza kama dakika moja na nusu kila mara. Mzee alilalamika wiki ya kwanza, wiki ya pili akawa yeye ndo anamkumbusha kijana.

Bado kuna kimoja kinaning'inia. Foki tulizotumia kama kipimo nimezipima na rula hiyohiyo, tundu la kulia limeanza kuonyesha milimita 2. Haliumi bado, ila limeandikwa kwenye daftari, na kila Ijumaa jioni tunalipaka chaki.